UZI: Lita 9 hupita tumboni mwako kila siku. Fuatilia sahani ya ugali na maharage kutoka mdomoni hadi chooni

#1 Kongosho (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Nyuzi za gesi, vidonda vya tumbo na choo kigumu hazikauki humu, na nyingi zinaishia watu kutajiana dawa kabla muulizaji hajaambiwa kinachoendelea huko ndani. Huu ni wa kinachoendelea. Tuchukue sahani ya ugali, maharage na kipande cha samaki wa kukaanga, tuifuate hadi mwisho. Njiani nitakuwa nahesabu maji, kwa sababu ukishajua maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, nusu ya maswali ya tumbo yanajijibu yenyewe.

Hesabu ndiyo hii. Mtu mzima huingiza kama lita 2 za maji kwa siku kupitia vinywaji na chakula. Mwili wake unaongeza takriban lita 7 ndani ya njia ya chakula: mate lita 1 hadi 1.5, maji ya tumbo yenye tindikali lita 2, nyongo nusu lita hadi lita 1, maji ya kongosho lita 1 hadi 1.5, na yaliyobaki yanatoka kwenye kuta za utumbo. Jumla lita 9. Kinachotoka na choo ni mililita 100 hadi 200 tu. Zote zilizobaki zinarudishwa kwenye damu, kila siku, bila wewe kujua.

Mdomoni meno yanasaga na jozi 3 za tezi kubwa za mate zinamwaga. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi kinachokatakata wanga. Tafuna tonge la ugali mkavu dakika nzima bila kumeza, utaonja utamu unakuja: wanga umeshaanza kuwa sukari. Ukimeza, kidakatonge kinafunika njia ya hewa na tonge linaingia kwenye umio, bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi. Halishuki kwa uzito wake. Misuli inabana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, na ndani ya sekunde 10 hivi limefika. Ndiyo maana hata aliyelala chali anameza.

Sasa tumbo, na hapa nasema ule mfuko ulio chini ya mbavu upande wa kushoto, siyo kitambi. Ukishiba unabeba lita 1 hadi 1.5. Tindikali yake ni kali, pH 1.5 hadi 3.5 (kipimo cha ukali, namba ikiwa ndogo ndivyo inavyokuwa kali), na ina kazi tatu: kuua vijidudu vilivyokuja na chakula, kufumua protini ya samaki na maharage, na kuamsha pepsini, kimeng'enya kinachozikata hizo protini. Pepsini hutolewa ikiwa imelala, ikikutana na tindikali ndipo inaamka. Ingetolewa ikiwa macho, ingekula seli zilizoitengeneza.

Tumbo linakanda mpaka chakula kiwe uji. Mlango wa chini hauruhusu ovyo. Vinavyopita ni vipande visivyozidi milimita 2 hivi, kidogo kidogo. Maji matupu, nusu yake yanakuwa yameshatoka ndani ya dakika 20. Mlo mzito huchukua saa 3 hadi 4, na mafuta ya kukaangia samaki yanauchelewesha zaidi, kwa sababu utumbo ukionja mafuta unatuma taarifa tumboni lipunguze kasi.

Wengi wanadhani tumbo ndilo linalomaliza kazi. Hapana. Mtu akiondolewa tumbo lote kwa upasuaji anaweza kuishi miaka mingi kwa milo midogo midogo na sindano za vitamini B12. Akipoteza utumbo mwembamba wote, atalishwa kwa mshipa. Kazi yenyewe iko huko.

Sentimita 25 za mwanzo za utumbo mwembamba ni duodeni. Uji wa tindikali ukimwagika pale, kongosho linaleta maji yenye bikaboneti ya kuizima tindikali, pamoja na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Mfuko wa nyongo unajikamua na kutoa nyongo iliyokolezwa. Nyongo siyo kimeng'enya, jamani. Inayavunja mafuta kuwa matone madogo madogo ili kimeng'enya cha kongosho kipate pa kushika. Ikishamaliza, karibu 95% ya chumvi zake zinanyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba, zinarudi kwenye ini na kutumika tena.

Ukuta wa ndani umejaa vijidole visivyozidi milimita 1, na kila seli ya vijidole hivyo ina vinyoya vyake. Hapo ndipo vipande vinavuka. Sukari na protini zilizokatwa zinaingia kwenye damu na kupelekwa moja kwa moja kwenye ini. Mafuta mengi hayapiti huko. Yanaingia kwenye mishipa ya limfu, yanapanda kifuani na kumiminwa kwenye mshipa mkubwa karibu na shingo.

Maji nayo yanavuka hapo hapo, lita 7 na zaidi. Lita 1.5 hivi ndiyo zinafika utumbo mpana wenye urefu wa mita 1.5, na huko maganda ya maharage na masalia mengine yanakaa siku moja au mbili, wakati mwingine tatu, yakikamuliwa maji huku bakteria wakila walichobakiziwa.

Karibuni kwa nyama, na penye makosa sahihisheni.

#2 Ngalawa77

Mkuu, hili la kunywa maji wakati wa kula vipi? Tunaambiwa yanazimua tindikali na chakula kinabaki hakijasagwa.

#3 Bi Mwanapwani

Ngalawa77, bilauri moja haina madhara hayo. Tumbo linapima ukali wake na kuongeza tindikali inapopungua, na maji yanatangulia kutoka kuliko ugali. Anayepaswa kujihadhari ni mwenye kiungulia, na tatizo lake siyo kuzimuliwa bali ujazo. Tumbo likifurika, vali iliyo kati ya umio na tumbo inashindwa kubana, tindikali inapanda. Umio hauna ute mzito wa kuukinga kama tumbo, ndiyo maana unaungua. Mtu huyo ale kidogo kidogo, asilale mpaka zipite saa 2 hadi 3, alalie ubavu wa kushoto, na anyanyue kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii, kunamkunja tumboni na kulibana zaidi.

Naongezea kitu kwenye #1. Tumbo likinguruma ukiwa na njaa, huo ni usafi. Ukikaa bila kula, kila dakika 90 hadi 120 linapita wimbi la misuli kutoka tumboni mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, likifagia mabaki na bakteria kuelekea utumbo mpana. Ukila, hata karanga chache, wimbi linakatika. Watu wa kutafunatafuna kutwa hawalipi nafasi hilo fagio.

#4 mfamasia_kona

Uzi mzuri. Mimi niingie kwenye vidonda vya tumbo maana huko ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Tumbo halijiyeyushi kwa sababu ukuta wake umefunikwa ute wenye bikaboneti. Kidonda kinatokea ute huo ukishindwa, na visababishi vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni bakteria H. pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio waliomweka hadharani miaka ya 1980, wakati madaktari wengi wakiamini hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye tindikali ile. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, ukuta wa tumbo lake ukavimba, akaonyesha kuwa wao ndio wenye kosa. Wakapewa Nobel 2005. Kwa hiyo ukisikia "vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili tu", hiyo ni habari ya zamani. Pilipili inaweza kumuumiza mwenye kidonda, lakini siyo iliyokichimba.

Cha pili ni dawa za maumivu: diclofenac, ibuprofen, aspirini. Zinazuia kemikali zilezile zinazoliambia tumbo litengeneze ute. Na sikilizeni hapa: sindano ya diclofenac nayo inafanya hivyo hivyo, maana madhara yanapitia kwenye damu, siyo kidonge kugusa ukuta. Paracetamol haina tabia hiyo.

Sasa makosa ninayotaka yaishe. Omeprazole inamezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, asubuhi. Inafunga pampu za tindikali zinazofanya kazi, na pampu zinaamka ukila. Ukiimeza baada ya kushiba, au usiku wa manane kwa sababu kifua kinawaka, umeitupa nusu. Pia haifanyi kazi papo kwa papo kama zile dawa za kutafuna zinazozima tindikali. Ipe siku kadhaa.

Kipimo nacho. Kile cha damu kinaonyesha kingamwili (silaha ambazo mwili uliunda dhidi ya bakteria), na kingamwili hubaki muda mrefu hata bakteria akishaondoka. Mtu anatibiwa, anapima damu, "bado unao", anatibiwa tena. Omba cha choo au cha kupuliza pumzi. Kabla ya kupima acha omeprazole wiki 2 na antibayotiki wiki 4, vinginevyo kitakuambia huna wakati unaye. Ukitibiwa, maliza siku zote 14 ulizoandikiwa, kisha subiri wiki 4 ndipo upime tena.

Na maziwa kutuliza kidonda? Yanapoza kidogo, halafu protini na kalsiamu yake inaliamsha tumbo litoe tindikali zaidi.

#5 Chekeche

Maharage yanaleta gesi kwa nini, na mbona wali hauleti?

#6 Kongosho

Chekeche, maharage yana sukari za rafinosi na stakiosi. Utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzikata, kwa hiyo zinapita nzima nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, wanatoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na kwa baadhi ya watu methani. Hizo zote hazina harufu. Harufu inatoka kwenye gesi kidogo sana zenye salfa. Wanga wa wali wa moto unaisha karibu wote kwenye utumbo mwembamba, bakteria hawaachiwi kitu.

Dawa yake ni jikoni: loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji, osha, chemsha kwa maji mapya. Sukari hizo zinayeyuka majini, kwa hiyo ukipikia maji ya kulowekea umezirudisha. Magadi yanalainisha maharage haraka, kweli, ila yanaharibu vitamini B1.

Halafu hili siyo la gesi ni la sumu: maharage mekundu yasiyoiva yana lektini inayoshika ukuta wa utumbo na kuleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Inaharibika kwa kuchemka kweli kweli, angalau dakika 10 za mapovu ya nguvu kabla hujapunguza moto. Jiko la umeme la kupikia polepole peke yake halitoshi.

#7 Ngalawa77

Na maziwa je? Nyumba moja, sufuria moja, mmoja anakunywa nusu lita na mwingine kikombe tu kinamkimbiza.

#8 Bi Mwanapwani

Ni hesabu ya maji ileile. Sukari ya maziwa, laktosi, inahitaji kimeng'enya cha laktesi kilichoko kwenye vijidole vya utumbo. Watoto wanacho, kwa sehemu kubwa ya binadamu kinapungua baada ya kuachishwa ziwa. Laktosi isiyokatwa haivuki ukuta, inabaki ndani na kuvuta maji. Ikifika utumbo mpana, bakteria wanaichachusha. Unapata vyote viwili, maji na gesi.

Jamii za wafugaji zina mabadiliko ya kurithi yanayoiacha laktesi ikifanya kazi ukubwani. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kutolewa 2007 ulichunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukakuta mabadiliko tofauti na yale ya Wazungu. Yaani ufugaji wa huku ulizaa jibu lake lenyewe.

Kikombe cha mililita 250 kina kama gramu 12 za laktosi, na wengi wasio na laktesi ya kutosha bado wanaweza kukihimili kikinywewa na chakula. Mtindi unakubali zaidi kwa sababu bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi. Ila kutovumilia laktosi siyo mzio. Mzio wa maziwa ni wa protini, unaweza kuleta vipele na kubanwa pumzi, na huo hauchezewi kwa vikombe vidogo vidogo.

#9 Nesi Mkongwe

Mmezunguka weee, sasa twende kwenye kuhara, kwa sababu hapa ndipo lita 9 zinapoua.

Kwenye kipindupindu, sumu ya bakteria inafungulia chumvi ya klorini kwenye seli za utumbo na kuuacha mlango wazi. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza lita 1 kwa saa. Utumbo mpana unaweza kuongeza juhudi na kunyonya lita 4 hadi 5 kwa siku, siyo zaidi ya hapo.

Jambo la kushukuru ni kwamba mlango mwingine haujaguswa. Kwenye seli zilezile kuna protini inayobeba sodiamu na glukosi kwa pamoja. Moja bila mwenzake haivuki. Mtafiti Robert Crane alilieleza hilo mwaka 1960 kule Prague. Zikivuka, maji yanafuata. Hiyo ndiyo ORS yote, yaani ile pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji kwa anayehara. Maji matupu hayapiti vizuri, chumvi peke yake haipiti, sukari peke yake inavuta maji kuja ndani.

Pakiti ya fomula inayotumika tangu 2002 ina, kwa lita 1: chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti gramu 2.9. Soma pakiti yako inasema lita ngapi, maana zipo za nusu lita. Imimine yote, usigawe nusu ukakisia. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Usiongeze sukari "ili mtoto aipende", usiichemshe ikishachanganywa, na ikipita saa 24 mwaga utengeneze nyingine.

Huna pakiti: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa siyo vya kilima, kwenye lita 1 ya maji safi. Onja kabla ya kumpa. Chumvi isizidi ya machozi. Chumvi ikizidi inaweza kumletea mtoto degedege.

Kiasi: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena taratibu zaidi. Kunyonya asiache. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, hata kama kuhara kumeshakata.

#10 Chekeche

Shukrani nesi. Soda iliyotolewa gesi je? Na madafu?

#11 Nesi Mkongwe

Soda hapana, juisi ya dukani hapana. Sukari nyingi mno, sodiamu hakuna, inamwongezea kuhara. Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo yanafaa kama kinywaji cha nyongeza, siyo badala ya ORS.

Macho yakizama, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, akiwa mlegevu, choo kikiwa na damu, au ukifinya ngozi ya tumbo ikachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hapo ni kituo cha afya sasa hivi, huku ukiendelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza. Na mtoto asipewe dawa ya kufunga kuhara.

#12 Tonge_la_mwisho

Upande wa pili sasa. Choo kigumu, siku tano hola.

#13 mfamasia_kona

Kinyume cha #9. Masalia yakikaa mno utumbo mpana, yanakamuliwa mpaka yanakuwa vigololo. Kuna kipimo cha picha cha Bristol chenye namba 1 hadi 7: 1 na 2 ni vigumu, 3 na 4 ndiko uwe, 6 na 7 ni kuhara.

Kuna wimbi la utumbo mpana linaloamshwa na tumbo kupokea chakula, na linakuwa na nguvu zaidi asubuhi baada ya chai. Likija ukalipuuza kwa sababu ya daladala au kikao, maji yanaendelea kukamuliwa. Lipe nafasi muda uleule kila siku. Mkao nao: kuna msuli unaouvuta mwisho wa utumbo uwe na kona, na ukichuchumaa unalegea, njia inanyooka. Kwenye choo cha kukaa weka kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu.

Nyuzinyuzi, gramu 25 hadi 30 kwa siku. Ongeza taratibu kwa wiki mbili tatu na maji yaende nazo, ukizirundika siku moja utavimbiwa. Ugali wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko wa sembe. Dawa kama laktulosi na maziwa ya magnesia zinafanya kwa makusudi kile laktosi ilichofanya #8: zinabaki ndani na kuvuta maji. Mwenye figo mbovu asiguse za magnesia bila daktari.

#14 Ngalawa77

Kuna jamaa wanauza dawa ya kusafisha tumbo, wanasema mtu ana kilo kadhaa za uchafu ulioganda ukutani miaka na miaka. Wanaonyesha na picha kabisa.

#15 Kongosho

Ukuta wa utumbo unabadilisha seli zake za juu kila siku 3 hadi 5. Kitu kitagandaje miaka kwenye ukuta unaobanduka kila wiki? Madaktari wanaoingiza kamera utumbo mpana baada ya kumpa mgonjwa dawa ya kuharisha wanakuta ukuta wa waridi, unang'aa. Ile kamba inayoonekana kwenye picha, mara nyingi ni gundi ya nyuzinyuzi na udongo iliyomo kwenye dawa yenyewe, imevimba kwa maji. Na hizo dawa zenye majani ya sena zinakuharisha maji na potasiamu, halafu unapungua kilo 2 unashangilia. Ni maji hayo mkuu.

#16 Tonge_la_mwisho

La mwisho, choo cheusi ni hatari?

#17 Nesi Mkongwe

Ulikuwa unatumia vidonge vya madini chuma? Hivyo vinafanya choo kuwa cheusi na siyo shida. Kama hutumii, na choo ni cheusi cha kunata kama lami chenye harufu kali, hiyo ni damu ya tumboni au duodeni iliyosagwa, nenda leo leo, usisubiri kesho. Damu nyekundu mbichi inatoka chini, inaweza kuwa bawasiri lakini ipimwe. Choo cheupe kama chokaa na mkojo wa rangi ya chai maana yake nyongo haifiki utumboni, kwa sababu rangi ya kahawia inatokana na nyongo. Hapo wataangalia ini na mawe ya nyongo kwa altrasaundi. Kama kuna maumivu makali juu ya kitovu yanayopiga mpaka mgongoni na kutapika juu yake, usile kitu, nenda dharura, huenda jiwe limeziba mlango wa kongosho.